Sangara wa sentimita 50, sato wa 25: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipimo vya samaki wa maji baridi

Maswali haya tunaulizwa mwaloni (mahali mitumbwi inaposhushia samaki), sokoni na kwenye mikutano ya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia rasilimali za uvuvi kwenye mwalo wao. Mifano mingi ni ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kwa kuwa huko ndiko nilikozunguka na ubao wa kupimia samaki. Sikuyapanga kwa usawa. Swali la wavu limepewa nafasi kubwa kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama vipimo vingine vyote vina maana.

Vipimo vyenyewe ni vipi?

Kenya, Tanzania na Uganda zinashirikiana kusimamia uvuvi wa ziwa kupitia taasisi ya LVFO, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na yenye makao yake Jinja. Kipimo cha sangara kilichokubaliwa ni kuanzia sentimita 50 hadi 85. Aliye chini ya 50 aachwe akue, na aliye juu ya 85 aachwe azae. Sato asivuliwe kabla ya kufika sentimita 25. Tanzania iliviandika vipimo hivyo katika Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003.

Kanuni hurekebishwa, na mpaka wa juu wa sangara ndio uliobishaniwa kuliko yote. Kabla ya kununua zana mpya, pita kwa afisa uvuvi wa eneo lako uone maandishi yanayotumika sasa. Usitegemee maneno ya muuza nyavu.

Kwa anayejua samaki kwa kumbeba mkononi, sangara wa sentimita 50 ana kilo moja na robo hadi moja na nusu. Wa 85 anakaribia kilo 7. Sato wa 25 ana kama gramu 300, yule anayejaa sahani ya mtu mmoja.

Kwa nini 50? Kwa nini si 40, au 60?

Samaki hununuliwa mwaloni wakiwa wa kila ukubwa, wanapimwa, wanapasuliwa, na mayai au mbegu zao zinaangaliwa kama zimekomaa. Ukishapitisha samaki wa kutosha unaona urefu ambao nusu yao wameshaanza kuzaa. Huo ndio urefu wanaouanzia watafiti wa taasisi za uvuvi: TAFIRI kwa upande wetu, KMFRI kwa Kenya na NaFIRRI kwa Uganda.

Kwa sangara kuna ugumu. Dume hukomaa mapema, akiwa na sentimita 50 na kitu. Jike huchelewa, wengi hadi wavuke 60, wengine zaidi. Ukiweka kipimo kwa kufuata jike, sehemu kubwa ya mavuno ya kila siku inakuwa haramu na hakuna mwalo utakaokubali. Ukikiweka kwa kufuata dume, unawavua majike ambao hawajazaa hata mara moja. Kwa hiyo 50 ni maridhiano kati ya samaki na tumbo la mvuvi, na mimi huwa nawaambia watu hivyo hivyo. Wanaokiona ni kikali sana wajue kuwa kwa jike bado ni kilegevu.

Sababu ya pili ni uzito. Samaki akirefuka mara mbili, uzito wake hupanda karibu mara nane. Sangara wa sentimita 25 ana gramu 150 au 170. Mwache afike 50, na samaki yule yule anakupa zaidi ya kilo. Ni kweli kwamba si wote watafika, kwa kuwa wengine wataliwa na wengine watakufa. Lakini sangara hukua haraka, inamchukua kama miaka miwili tu kufika hapo, na hesabu bado inamlipa aliyesubiri. Shida ni kwamba anayesubiri na anayevuna huenda wasiwe mtu mmoja. Nikimwacha leo, jirani atamchukua kesho. Ndiyo maana kipimo kina nguvu kikishikwa na mwalo mzima. Mtu mmoja mwenye moyo mzuri hawezi kukibeba peke yake.

Mdogo naelewa. Kwa nini na mkubwa azuiwe, wakati ndiye mwenye hela?

Kwa sababu sangara wakubwa karibu wote ni majike, na jike mkubwa hutoa mayai kwa mamilioni. Jike mmoja mwenye mita moja hazai sawa na majike wawili wa nusu mita. Anawazidi mbali, maana tumbo lake lina nafasi ya mayai mengi kupita kiasi. Ukibakiza wachache wa aina hiyo umebakiza akiba kubwa ya ziwa.

Pia kuna bondo, kile kifuko cha hewa ndani ya sangara kinachosafirishwa kwenda China na Hong Kong. Bei ya bondo hupanda kwa ukubwa, na kubwa moja linaweza kuwa na thamani kuliko minofu ya samaki aliyelitoa. Nimesimama pembeni ya meza ambako sangara alipasuliwa, bondo likatolewa taratibu kwa vidole viwili kama mtu anayetoa yai bovu, likaoshwa, likapimwa kwenye mzani mdogo uliofunikwa kwa kitambaa. Mwili wa samaki ulikuwa umeshasogezwa chini ya meza, hakuna aliyeuangalia. Mpaka wa juu unapambana na mzani ule. Bila kuusimamia kwenye biashara ya mabondo kwanza, ziwani hausimamiki.

Sangara anakula wenzake. Si afadhali tuwavue wakubwa ili wadogo wapone?

Ni kweli anakula wadogo wake, pamoja na furu, dagaa na uduvi. Wapo hata wanasayansi wanaobisha kipimo cha sangara, wakisema kuwa chakula kilichomo majini ndicho kinachoamua wingi wa samaki kuliko ukubwa wa wanaovuliwa, na kwamba ni bora kuvua kidogo kidogo kwa kila ukubwa. Hoja yao ina uzito na sipendi inapopuuzwa.

Lakini hoja hiyo inataka uvuvi wa kiasi kwa kila ukubwa. Tulichonacho mialoni ni uvuvi mzito kwa wadogo, kwa sababu ndio walio karibu na ufukwe, na uvuvi mzito kwa wakubwa, kwa sababu ya bondo. Mpaka hali hiyo ibadilike, kipimo chenye mpaka wa chini na wa juu ndicho kinachowapa samaki mahali pa kupumulia.

Samaki anapimwaje?

Kuanzia ncha ya mdomo, ukiwa umefungwa, hadi mwisho wa mkia. Mlaze kwenye ubao ulionyooka, pua iguse kizuizi, unyooshe mkia kwa kiganja bila kuuvuta. Tepu ya fundi cherehani ukiipitisha juu ya tumbo inakupa urefu wa uongo, kwa sababu tumbo lina mviringo. Nimeona ugomvi wa sentimita mbili ukiisha kwa kubadilisha tu kifaa.

Sangara wa sentimita 40 ameshakufa wavuni. Kumrudisha majini kunasaidia nini?

Hakusaidii chochote, na aliyeuliza swali hili kwa mara ya kwanza mbele yangu alikuwa na haki ya kukasirika. Sangara aliyelala wavuni tangu jioni, gili zake za kupumulia zimebanwa, asubuhi hafufuki. Hata anayetoka na ndoano akiwa hai, akivutwa haraka kutoka kina kirefu, kile kifuko cha hewa kinavimba na kumwelekeza tumbo juu. Ukimwachia anaelea mpaka mwewe aje.

Hapo ndipo nilipo na msimamo wangu, na nitausema wazi: kipimo cha samaki kinaamuliwa dukani, siku unaponunua wavu. Rula ya mwaloni inatoa taarifa tu ya kilichokwisha kutokea. Kila sheria ya urefu wa samaki isiyokuwa na sheria ya zana nyuma yake inazaa samaki waliokufa wanaofichwa chini ya barafu.

Wavu wa makila, ule unaotegwa majini ukanasa samaki, unachagua. Samaki mdogo anapita kwenye jicho, mkubwa anagonga na kurudi, wa katikati ananasa kwenye gili. Ukipanua jicho unasogeza ukubwa wa samaki unaowanasa. Jicho hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili. Kwa sangara Tanzania ilisimamia inchi 6 kwenda juu kwa miaka mingi. Wavu wa inchi 4 uliotegwa mahali hapo hapo unaleta sangara ambao hawajawahi kuzaa, hata kama mwenye wavu ni mcha Mungu na anaipenda sheria.

Kuna ujanja usioonekana kwa rula ya jicho. Wapo wanaounganisha nyavu mbili au tatu kwa kwenda chini, ukuta mmoja kutoka juu ya maji hadi karibu na tope. Jicho ni halali, lakini samaki amekosa mlango. Wapo wanaotumia nyavu za uzi mmoja wa plastiki, nyembamba na angavu, ambazo samaki hazioni; zinakatika upesi, vipande vinabaki ziwani na kuendelea kunasa bila mwenyewe. Na kokoro, lile la kuvutwa hadi ufukweni, halichagui kabisa. Linapita kwenye mazalia ya sato, linavuruga mashimo waliyochimba madume, na kumbeba jike aliyeficha mayai mdomoni. Jike wa sato hutunza mayai na watoto wake mdomoni. Akishtuka anawatema, nao wanabaki kwenye tope.

Kwa ndoano mambo ni yale yale. Kumbuka namba za ndoano zinakwenda kinyume: namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo na inakamata wadogo. Wavuvi wanalijua hili. Wanaolikosea mara nyingi ni sisi tunaokwenda kukagua.

Mbona dagaa hawapimwi kwa rula?

Nani atapima ndoo ya dagaa mmoja mmoja? Kwa dagaa unadhibiti jicho, mahali na wakati. Jicho la wavu wake ni milimita 8 au 10 kwa kutegemea uko nchi gani. Mahali ni mbali na ufukwe, kwa sababu taa ikiwashwa karibu na nchi kavu inavuta pia watoto wa sangara na sato. Wakati, Kenya hufunga uvuvi wa omena, ndilo jina la dagaa kwao, kuanzia Aprili mosi hadi Julai 31. Kwetu mbalamwezi yenyewe huwapumzisha wavuvi, kwa sababu taa haivuti samaki mbingu ikiwa nyeupe.

Ukitaka kujua kama wavu wa dagaa ni mzuri, nenda kwenye chanja asubuhi wanapoanikwa. Chota konzi moja, uimwage kwenye kanga. Ukihesabu vichwa vya sangara vya urefu wa kidole cha mwisho, umeshapata jibu bila mtafiti.

Ndugu yangu yuko Marekani anasema kule mtu anaruhusiwa samaki watano kwa siku. Kwa nini hapa hakuna idadi?

Anasema kweli. Kule Texas, kwa mfano, kanuni ya jumla ya samaki wanaomwita bass wa mdomo mkubwa ni watano kwa siku, na kila mmoja asipungue inchi 14, yaani sentimita 35 na nusu. Ni uvuvi wa burudani. Mtu ana kazi yake nyingine, anavua Jumamosi kwa ndoano moja, samaki anatoka hai na anarudishwa akiwa hai. Idadi inasaidia kugawana: anayefika saa kumi na mbili asubuhi asimalize samaki wa anayefika saa nne.

Ziwa Victoria lina wavuvi zaidi ya 200,000 ambao hii ndiyo kazi yao. Mtumbwi una nahodha, vibarua, mafuta ya mkopo na tajiri anayesubiri hesabu nchi kavu. Ukisema samaki kumi kwa mtumbwi, mafuta hayarudi. Ukisema mia, nani atahesabu saa kumi alfajiri kwenye mialo mamia? Huku kwetu kinacholingana na idadi ya kwa siku ni idadi ya mitumbwi, idadi ya nyavu kwa kila mtumbwi, na leseni. Leseni zisipokuwa na ukomo, kipimo cha urefu kitachelewesha tu kupungua kwa samaki. Hili nalisema nikijua halipendwi na wanaokusanya ushuru wa leseni.

Jambo moja la Texas linafaa kufikiriwa. Katika bwawa la Lake Fork kanuni imegeuzwa: samaki wa inchi 16 hadi 24 ndiye anayerudishwa. Walio chini ya 16 wanachukuliwa, na aliyefika 24 au zaidi anachukuliwa mmoja tu kwa siku. Sisi tunavua wa katikati na kuwaacha wa pembeni, wao wanawaacha wa katikati. Wote wako sahihi, kwa kuwa wale wanataka bwawa la samaki wakubwa wa kujivunia, nasi tunataka kitoweo na minofu kwa miaka mingi. Kipimo hufuata unachokitaka kutoka kwenye maji.

Lambo la kijiji chetu limejaa perege wadogo. Tuweke kipimo cha sentimita 25?

Msithubutu. Hapo ndipo kipimo kinapoharibu. Perege na sato kwenye maji madogo huzaliana haraka, chakula hakitoshi, wanadumaa na kuanza kuzaa wakiwa wadogo kama kiganja. Ukikataza wadogo unaongeza msongamano. Vueni wadogo kwa wingi, mle, mwauze, mbakize nafasi. Kuiga kanuni ya ziwa lenye kilomita za mraba 68,000 na ushee kwenye lambo la ng'ombe ni kosa nililoliona zaidi ya mara moja, na kila mara lilifanywa na watu wenye nia njema.

Kwa nini anakamatwa mchuuzi mwenye ndoo, na mwenye nyavu yuko nyumbani?

Kwa sababu ndoo inaonekana. Siwezi kuitetea hali hii. Mama anayenunua sangara wadogo kwa ajili ya kukaanga hakuchagua jicho la wavu. Amenunua alichoweza kulipia, maana wakubwa wamekwenda kiwandani. Akinyang'anywa ndoo anapoteza mtaji wa mwezi. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara upande wa Tanzania, nyavu nyingi haramu zilikamatwa na kuchomwa moto, na hilo liligusa zana zenyewe, hatua ambayo naiona ni ya mbele kuliko kukimbizana na ndoo. Bado kuna waliokuwa juu ya nyavu: anayeziingiza nchini, anayeziuza, anayewakopesha vijana.

Kama wewe ni mchuuzi, sheria haikusamehi kwa kusema hukuvua. Kumiliki, kusafirisha na kuuza samaki wachanga ni makosa pia. Kinachokusaidia ni kununua mwaloni mbele ya BMU, na kukataa mapema, kabla fedha haijatoka kwenye pindo la kanga.

Samaki wanavuka mipaka. Nikifuata kipimo mimi na jirani asifuate?

Ziwa ni moja. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda inafuata, Kenya ina asilimia 6 hivi. Mfugo akivuka mpaka ana alama; sangara hana. Kwa muda mrefu ugumu ulikuwa kwamba urefu wa samaki ulikubaliwa lakini kanuni za zana hazikulingana, na mfanyabiashara alihamishia nyavu zake upande uliolegea. Kuoanisha jicho la wavu, kwangu, kuna faida kuliko mikutano kumi ya kuoanisha urefu wa samaki.

Si bora kufunga ziwa zima kwa miezi michache?

Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Huko samaki wakuu ni dagaa na migebuka. Dagaa wana maisha mafupi na hukomaa upesi, kwa hiyo miezi mitatu ni muda wa maana kwao. Sangara anahitaji miaka. Ukimfungia miezi mitatu halafu ukafungua kwa nyavu zile zile, walionusurika wananaswa wiki ya kwanza. Kufunga kunafaa kwenye mazalia, mwaka mzima, kwenye ghuba na mabwawa ya matete ambayo wavuvi wenyewe wanayajua kwa majina.

Tutajuaje kwamba kipimo kinafanya kazi?

Usitazame jumla ya tani. Tani zinaweza kupanda kwa sababu mitumbwi imeongezeka. Tazama wastani wa urefu wa samaki wanaoshuka mwaloni kwenu, na kilo ambazo mtumbwi mmoja unapata kwa usiku mmoja. BMU yenye daftari, kalamu na ubao inaweza kupima samaki 100 kila mwezi, siku ile ile ya mwezi, bila kuchagua. Katika mwalo mmoja walichora mstari wa sentimita 50 kwenye kafi la mtumbwi wa kila mwanachama kwa rangi nyekundu ya mafuta. Baada ya misimu miwili rangi ilikuwa imefutika pale tu mstari ulipo, kwa kusuguliwa na magamba.

Mimi si mvuvi wala mchuuzi. Nanunua sokoni Kirumba (Mwanza), Ferry (Dar es Salaam) au Kibuye (Kisumu). Nifanye nini?

Tumia mkono wako. Shibiri ya mtu mzima ni kama sentimita 22 au 23. Sato ambaye shibiri inammaliza kuanzia mdomo hadi mkia hajafika. Dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni kama sentimita 45. Sangara asiyeizidi dhiraa kwa upana wa vidole vitatu bado ni mtoto.

Aliyekaushwa, awe kayabo, yaani wa chumvi, au wa moshi, amesinyaa, hivyo mpe nafasi kidogo. Na ukikuta meza ambayo sangara wote wamekatwa vichwa na mikia, muulize muuzaji vilipo. Kichwa cha sangara kinauzwa; watu wanakipikia supu. Muuzaji mwenye samaki halali hana sababu ya kukiacha ziwani.